Kumzoesha mtoto poti, Thika na Ruiru

Mtoto mchanga hukojoa karibu kila saa, na mara nyingi hupata haja kubwa punde tu baada ya kunyonya, kwa kuwa tumbo likijaa, utumbo nao huanza kusukuma. Mama aliyezoea dalili zake anaweza kumpakata juu ya poti wakati huo hata kabla hajajua kuketi. Njia ya pili ni kungoja mtoto mwenyewe atambue haja na aweze kuizuia, jambo ambalo kwa wengi hutokea kati ya miezi 18 na 30.

Njia ya kwanza si ngeni Kenya. Mwaka 1977, Marten na Rachel deVries walichapisha katika jarida la Pediatrics utafiti wao miongoni mwa Wadigo wa pwani. Mama wa Kidigo alianza mtoto akiwa na wiki chache tu. Aliketi chini, miguu kainyoosha, akamweka mtoto katikati akiwa amempa mgongo, kisha akatoa sauti laini ya kuuita mkojo. Mtoto akikojoa, alibembelezwa au kunyonyeshwa. Alipofika miezi mitano au sita, ilitarajiwa awe ameshazoea. Huko Marekani, daktari wa watoto T. Berry Brazelton alikuwa ameshauri mwaka 1962 kwamba wazazi wasubiri hadi karibu miezi 18. Hakuna haja ya kuzibishanisha njia hizi. Kila moja ilitokana na namna watoto walivyolelewa.

Mtoto wa Kidigo hakuwa mbali na mikono ya mama au ndugu. Thika na Ruiru mambo ni tofauti. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu, kisha hurudi kiwandani, shambani au dukani, na mtoto hushinda kwa yaya au deikea. Mlezi mwenye watoto wengi hawezi kusoma uso wa kila mmoja, na ndiyo maana nepi za kutupwa zimetawala. Lakini hugharimu pesa kila siku, na zinazokosa kufika dampo la Kang'oki huishia mitaroni na kwenye kingo za mito ya Thika, Chania na Ruiru. Kwa familia nyingi za hapa, njia ya kati ndiyo inayofaa: kumpakata asubuhi na jioni tangu mapema, kisha kuanza mazoezi kamili anapokomaa.

Ukomavu huo huonekana. Mtoto hukaa mkavu kwa saa mbili hivi, huketi na kuinuka mwenyewe, huelewa agizo fupi, na hujificha pembeni anapobanwa. Akalishwe kwenye poti baada ya kuamka na baada ya uji, kwa dakika chache, miguu ikigusa sakafu. Suruali ya lastiki humsaidia kuliko ya vifungo. Baridi ya Julai haifai kwa mtoto anayelowa mara kwa mara. Januari na Februari ni afadhali. Mlezi wa deikea aelezwe ratiba, na neno analotumia mtoto kuomba haja liwe lilelile kote.

Katika ploti zenye choo cha pamoja, poti ni ya lazima. Tundu la choo cha shimo ni pana kwa mtoto mdogo, na giza humtisha. Kinyesi chake kina viini kama cha mtu mzima, hivyo kimwagwe chooni, poti ioshwe kwa sabuni mbali na beseni la vyombo, na mikono ya mtoto na mlezi ioshwe. Siku za mgao wa maji, kidumu kimoja kitengwe kwa kazi hiyo.

Kumchapa au kumkaripia mtoto aliyejichafua ni kosa kubwa. Akiogopa, hubana choo. Choo hukauka na kumuumiza, naye huzidi kubana. Akigoma kabisa, mazoezi yaachwe kwa wiki kadhaa.

Kukaa mkavu usiku huchelewa zaidi, na kukojoa kitandani kabla ya miaka mitano ni kawaida. Kliniki ya chanjo ya surua ya miezi 18 ni nafasi nzuri ya kumuuliza muuguzi maswali haya. Mtoto anayelia akikojoa, mwenye damu kwenye choo, au aliyekaa mkavu kwa miezi kisha akaanza kulowa tena, apelekwe hospitali bila kungoja.