Ratli ya Nikodemo si ratili ya dukani

Jumapili moja karibu na Runyenjes, Kaunti ya Embu, nilimsikia mhubiri akieleza uzito wa manukato ambayo Nikodemo alileta siku ya kumzika Yesu. Yohana 19:39, katika Biblia ya Union, inataja ratli mia. Mhubiri akapiga hesabu papo hapo: ratili moja ni karibu nusu kilo, basi mia ni kama kilo 45, nusu gunia la mahindi. Waumini wakaguna kwa mshangao. Hesabu yenyewe ilikuwa sawa. Kasoro ilikuwa katika neno.

Ratili anayoikumbuka mzee wa Embu au Meru ni ile ya Mwingereza, gramu 453.6, iliyotawala madukani kabla Kenya haijahamia vipimo vya metriki. Vijana hata uzito huo hawaujui. Wakisema "weka kwa ratili" wanamaanisha mizani yenyewe. Lakini Injili ya Yohana iliandikwa kwa Kigiriki, na neno lililotumika pale ni litra, yaani libra ya Warumi, ambayo hukadiriwa kuwa gramu 327 hivi. Mia yake ni kilo 32.7. Hiyo ni zaidi kidogo ya theluthi ya gunia la kilo 90. Tofauti ya kilo 12 na ushei si ndogo: ni kama gorogoro sita za mahindi. Mtu hawezi kuzipuuza akiwa ndiye anayebeba.

Je, mtafsiri alikosea? La hasha. Alichagua neno lenye nasaba halisi. Litra ya Kigiriki iliingia katika Kiarabu ikageuka ratl, konsonanti zikabadilishana nafasi, kisha ikatufikia Waswahili kama ratli au ratili. Litra hiyo hiyo, kwa njia ya Kilatini na Kifaransa, ndiyo iliyozaa lita. Kwa hiyo mama anayenunua lita ya maziwa pale Nkubu anataja ndugu wa ratili bila kujua. Mtafsiri alirudisha neno nyumbani kwao. Ila njiani lilikuwa limenenepa.

Limenenepaje? Hapa ndipo wakia inapoingia. Mrumi aliigawa libra yake sehemu 12, kila moja akaiita uncia, yaani sehemu ya kumi na mbili. Uncia ikawa ounkia kwa Kigiriki, ukiya kwa Kiarabu, wakia kwetu. (Kwa Waingereza ilizaa pia inchi, sehemu ya kumi na mbili ya futi, kwa hiyo wakia na inchi ni mtu na nduguye.) Wakia ya Kirumi ilikuwa gramu 27.3, na ya Mwingereza ni gramu 28.35. Hazijapishana sana. Ila ratili ya Mwingereza, kama ile ya pwani yetu ambako wakia ilipimwa kwa uzito wa reale ya Maria Theresa, ina wakia 16, si 12. Nne zilizoongezeka ndizo zilizomponza mhubiri wetu.

Tukishuka kwenye vipimo vidogo zaidi, mambo yanapendeza. Kutoka 30:13 inasema shekeli ni gera 20. Mawe ya mizani yaliyofukuliwa katika nchi ya Yuda yanaonyesha shekeli ya gramu 11.4 hivi, kwa hiyo gera ni gramu 0.57. Mrumi naye aliigawa wakia mara 24 akapata skripulo, gramu 1.14, na skripulo akaigawa mara sita akapata silikwa, gramu 0.19, ambayo jina lake ni la tunda la mti wa kharubu. Sasa linganisha: gera moja ni silikwa tatu, skripulo moja ni gera mbili, shekeli moja ni skripulo kumi. Wakia ya Kirumi ni gera 48, au shekeli mbili na gera nane. Sisemi kwamba Musa na Kaisari walikubaliana. Ni makadirio yetu ya leo, nayo yanakaribiana vizuri kiasi cha kutosha kwa hesabu za kichwani. Kharubu hiyo, kwa Kigiriki keration, ndiyo asili ya kirati au karati ya masonara.

Na shekeli? Ukoo wake umo pia katika Kiswahili: ni mithkali, kipimo cha dhahabu kilichotumika Kilwa na Sofala. Mzizi wa Kiarabu th-k-l, wa uzito, ndio sh-k-l wa Kiebrania. Th ya Waarabu mara nyingi huwa sh kwa Waebrania. Thelathini yetu ni shloshim kwao, themanini ni shmonim. Hata ile TEKELI ya ukutani katika Danieli 5 ni shekeli kwa Kiaramu.

Rudi sasa kwa Mariamu wa Yohana 12, aliyempaka Yesu ratli moja ya nardo iliyokisiwa kuwa ya dinari mia tatu. Kabla ya Nero kupunguza uzito wa sarafu, ratli moja ya fedha ilitoa dinari 84. Dinari 300 basi ni ratli tatu na nusu za fedha: manukato yale yalithaminiwa zaidi ya mara tatu ya uzito wake kwa fedha. Ukitumia ratili ya Mwingereza upande wa nardo, unapata mara mbili na nusu tu, na nung'uniko la Yuda linapungua makali.

Asidhani mtu kwamba kizungumkuti hiki ni cha watu wa kale peke yao. Nenda Maua uulize kilo ya miraa. Utapewa fungu lililofungwa kwa jicho na mkono, na ukiliweka kwenye mizani ukitarajia gramu 1,000, wauzaji watakucheka.