Nakshi za Vitambaa: Jinsi ya Kubuni na Kuchapa kwa Mkono



Ndugu wanafunzi na wazazi, sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu aliyetupa mikono ya kufanyia kazi na macho ya kuona uzuri. Katika makala haya tutaeleza namna ya kubuni nakshi yako mwenyewe na kuichapa juu ya kitambaa, kisha ukashona mfuko wa juzuu, foronya au kitambaa cha meza. Jambo la kushika tangu mwanzo ni moja: nakshi hufuata matumizi. Kabla hujafungua rangi, jiulize kitambaa hiki kitakuwa nini, kitawekwa wapi na mwisho wake utakuwaje.

KANGA NI MWALIMU WETU

Tazama kanga ya mama nyumbani. Ina pindo linalozunguka pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina, yaani maandishi. Kila sehemu imepimwa ili kanga ivaliwe na ionekane vizuri. Zamani, kabla ya viwanda vikubwa, watu wa pwani walichapa nakshi kwa mihuri ya mbao. Maandishi yalipoanza kutiwa yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye zikaja za Kilatini. Duka la Kaderdina Hajee Essak, maarufu kwa jina la Abdulla, lilianza Mombasa mwaka 1887, na jina hilo likajulikana kwa kanga pwani nzima.

KUBUNI NAKSHI

Tuchukue mfano wa mfuko wa juzuu. Kata kitambaa cha pamba, kama marekani au bafta, chenye upana wa sm 44 na urefu wa sm 84. Acha sm 2 kila upande za mshono. Hapo panabaki sm 40 kwa 80 za kuchapa. Muhuri wa mraba wa sm 8 utaingia mara 5 kwa upana na mara 10 kwa urefu, jumla mara 50, bila kukatika pembeni. Hesabu hii ifanywe kwenye karatasi, kwani kitambaa kikishachapwa hakifutiki.

Ili mihuri iungane bila pengo, fanya hivi:

1. Kata karatasi ya mraba wa sm 8. Chora nyota katikati bila kugusa kingo.
2. Kata karatasi katikati kwa wima. Nusu ya kulia iweke kushoto na ya kushoto iweke kulia, kisha ubandike.
3. Kata tena kwa mlalo. Nusu ya juu iende chini na ya chini iende juu, ubandike.
4. Sasa nyota imegawanyika kwenye pembe nne na katikati pako wazi. Jaza pale katikati kwa ua au nyota ndogo.

Kingo za karatasi hiyo zitakutana zenyewe kila utakaporudia.

Angalizo: mfuko hukunjwa chini. Nakshi yenye juu na chini, kama mnazi, itasimama sawa upande wa mbele na kupinduka upande wa nyuma. Kwa hiyo chagua nakshi inayofanana kila upande, au geuza muhuri ukifika nusu ya kitambaa.

KUCHAPA

Fua kitambaa kwanza ili wanga wa kiwandani utoke na kirudi kabla ya kupimwa, kisha kipige pasi. Muhuri unaweza kuuchonga kwenye kiazi, lakini huo ni wa siku moja tu. Mpira wa kandambili kuukuu uliogundishwa juu ya kibao hudumu zaidi. Kumbuka kwamba muhuri hutoa picha iliyogeuka, hivyo herufi huchongwa kinyume.

Tumia rangi ya vitambaa. Rangi ya ukuta hukauka ikawa ngumu na kubanduka. Ipake kwenye muhuri kwa sponji, safu nyembamba. Tandika blanketi kuukuu chini ya kitambaa, piga mistari ya chaki kwa rula, kisha gandamiza muhuri sawasawa. Acha kikauke siku nzima, halafu kipige pasi yenye moto kwa upande wa nyuma, bila maji, ili rangi ishike.

Siku hizi ziko pia mashine za kompyuta zinazopuliza wino juu ya kitambaa, hata kwa mita moja tu. Lakini nakshi mbovu kwenye karatasi itatoka mbovu kwenye mashine pia.

ADABU ZA NAKSHI

Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) aliswali na shuka yenye nakshi, akaitazama. Alipomaliza aliagiza irudishwe kwa Abu Jahm na aletewe nyingine isiyo na nakshi, kwa kuwa ile ilimshughulisha katika swala. Basi ukichapa mswala, punguza nakshi. Imepokewa pia kwamba Bi Aisha (R.A.) alitundika pazia lenye picha, Mtume (S.A.W.) akachukizwa nalo, naye akalikata na kulifanya mito. Kwa kazi zetu, maua, majani na nyota vinatosha, na uwanja wake ni mpana.

Aya za Qur'ani na majina ya Mwenyezi Mungu tusiyachape kwenye mifuko na foronya. Mfuko huwekwa chini, hufuliwa, na ukichakaa huwa tambara la kufutia vumbi.

Mwisho, anayechapa ili auze afue kipande cha majaribio kwanza. Rangi ikichuja, amwambie mnunuzi kabla ya kupokea fedha. Mtume (S.A.W.) alimkemea muuza chakula aliyeacha kilicholowa chini na kikavu juu, na kitambaa kinachochuja ni mfano wa chakula hicho. Senti chache za halali zina baraka kuliko mteja aliyeondoka na kanzu nyeupe iliyoharibika.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu aitie baraka mikono ya vijana wetu.