Msafiri wa kazi, mkoba wako una chakula gani?

WAHENGA walinena kuwa mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Lakini wengi wanaogaagaa barabarani siku hizi kutafuta riziki hula huo mkavu, tena mara nyingine ukiwa kiporo.

Simama pale Buxton, Mombasa, kabla ya saa 12 asubuhi, utawaona. Matatu zinamiminika kutoka daraja la Nyali zikiwa na watu wa Kisauni na Bamburi, na miongoni mwao wamo ambao safari ndiyo kwanza inaanza. Wakala wa mauzo anawahi gari la Voi, mwendo wa karibu kilomita 150. Karani ana mkutano Nairobi na anakimbilia basi Mwembe Tayari. Utingo na dereva wake wamekesha wakipakia mizigo.

Ukiwauliza wamekula nini, wengi watakujibu kikombe cha chai tu. Husema watakula mbele ya safari. Wengine hujinyima makusudi ili posho ya safari ibaki na kitu cha kupeleka nyumbani. Hilo linaeleweka, kwani maisha ni magumu. Lakini anayefanya hivyo kila wiki anakopa kwa mwili wake, na deni hilo hulipwa hospitalini kwa pesa nyingi kuliko posho.

Njaa haichagui

Basi linaposimama Mtito Andei kwa muda mfupi, mwenye njaa ya tangu jana hana nafasi ya kuchagua. Atachukua chipsi, soseji na soda. Chupa ya soda ya mililita 300 huwa na takriban gramu 30 za sukari, yaani kama vijiko 7 vya chai. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima anayehitaji kalori 2,000 kwa siku asizidishe gramu 50 za sukari ya kuongezwa. Soda mbili, basi, zimekwisha kuvuka mpaka huo kabla hujahesabu sukari ya chai.

Mlo mzito wa mafuta baada ya njaa ndefu pia huleta uzito na usingizi. Abiria atasinzia tu. Kwa dereva ni hatari ya roho za watu.

Dawa yake ni kula kabla ya kuondoka. Mbaazi za nazi, ambazo mtu wa Pwani hahitaji kufundishwa kupika, zina protini na nyuzinyuzi, nazo hukaa tumboni muda mrefu. Linalohitaji kupunguzwa ni mahamri, kwa kuwa yamekaangwa. Mawili yanatosha, si matano. Usiyeweza mbaazi alfajiri, yai la kuchemsha, muhogo wa kuchemsha na kipande cha papai vitakufaa.

Cha kubeba na cha kuacha

Tia mkobani vitu visivyoharibika upesi: tende chache, korosho au njugu zisizo na chumvi, ndizi mbivu na machungwa. Matunda ya kumenya mwenyewe ni salama kuliko yaliyokwisha kukatwa na kuachwa kwenye vumbi na nzi.

Pilau na samaki wa kupaka viache nyumbani. Vijidudu huzaana kwa kasi katika chakula kilicho kati ya nyuzijoto 5 na 60, na chakula kilichopikwa hakifai kukaa katika hali hiyo zaidi ya saa 2. Wali una hatari yake ya pekee. Kuna bakteria ambao mbegu zao hustahimili kuchemshwa. Wali ukikaa katika joto, mbegu hizo huamka na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Mkahawani nako, agiza kitu kinachotoka jikoni kikifuka moshi.

Ukishikwa na tumbo la kuendesha, tumia chumvi za kurudisha maji mwilini. Usipozipata, changanya lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vyote viwe vya kusawazishwa. Ukiona damu chooni, ukipata homa kali au choo kikitoka kama maji mfululizo, nenda hospitali upesi.

Maji na miguu

Wasafiri wengi hawanywi maji kwa kuogopa kukosa choo. Matokeo yake ni kichwa kuuma, choo kigumu na mkojo wa rangi ya chai. Kunywa kidogo kidogo, na kila basi linaposimama, shuka ujisaidie hata kama hujabanwa sana.

Kushuka huko kuna faida nyingine. Mwaka 2007 WHO ilieleza kuwa kukaa bila kusogea katika safari ya saa 4 au zaidi huongeza karibu mara mbili uwezekano wa damu kuganda katika mishipa ya miguu. Bado ni jambo la nadra, lakini kinga yake ni rahisi: zungusha vifundo vya miguu, inua visigino na utembee kila upatapo nafasi. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au ukishikwa na maumivu ya kifua na kukosa pumzi baada ya safari, muone daktari siku hiyo hiyo.

Kwa madereva na wagonjwa

Sheria ya Trafiki ya Kenya inamkataza dereva wa gari la abiria au la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika muda wa saa 24. Miraa na muguka haviongezi saa hizo. Huficha uchovu tu na kuua hamu ya kula. Usingizi huwa mkali zaidi kati ya saa 8 usiku na saa 12 alfajiri. Ukikuzidi, egesha gari mahali salama ulale hata dakika 20.

Mwenye kisukari au shinikizo la damu abebe dawa zake katika mkoba wa mkononi, si kwenye buti. Insulini huharibiwa na joto. Aliyekwisha kujidunga asicheleweshe mlo, na awe na kitu kitamu karibu iwapo sukari itashuka ghafla na kumletea jasho na mtetemo.

Basi kama kesho una safari, maandalizi ni usiku huu. Chemsha yai, jaza chupa ya maji, tia tende mkobani, kisha ulale mapema. Gari la alfajiri halitakungoja ukapike.