Nyaatha wa Gikondi: Tumheshimu, Lakini Tumwombe Nani?

Somo: Waebrania 13:7-8



Hapa Nkoroi, kando ya barabara ya Magadi, Wakristo wa makanisa mengi huishi ua kwa ua. Mwanglikana amepanga karibu na Mkatoliki, na watoto wao husoma pamoja na hata kuoana. Kwa hiyo maswali ya imani hayasubiri darasa la kipaimara. Huzuka jikoni, tena huzuka kando ya kitanda cha mgonjwa.

Mama mmoja wa kanisa letu aliuguliwa na mtoto. Jirani yake Mkatoliki, mtu mwenye moyo mwema, alimletea kadi ndogo yenye picha ya mtawa na sala nyuma yake, akamwambia, "Mwombe Nyaatha, atakusaidia." Mama yule akaniuliza: "Mchungaji, Nyaatha ni nani? Nikiisoma sala hii nimetenda dhambi? Na nikimrudishia kadi, si nitamvunja moyo jirani yangu?"

Tuyajibu maswali haya moja baada ya jingine.

Kwanza, Nyaatha ni nani? Jina lake la utawa ni Irene Stefani. Alizaliwa Italia mwaka 1891, akajiunga na Masista wa Consolata, akafika Kenya mwaka 1915. Wakati ule vita ya kwanza ya dunia ilikuwa imewaka Afrika Mashariki. Maelfu kwa maelfu ya vijana wetu walichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, na wengi wakafa kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Ndio hao ambao kumbukumbu yao imebaki katika majina ya Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Sista Irene aliwauguza wapagazi hao katika hospitali za Voi, Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Aliwaosha vidonda watu ambao jeshi liliwahesabu kama mizigo tu.

Baada ya vita alitumwa Gikondi, katika nchi ya Nyeri. Huko alifundisha, alitembelea wagonjwa nyumba kwa nyumba, na wenyeji wakamwita Nyaatha, yaani mama mwenye huruma. Mwaka 1930 tauni ilipoingia, alimwuguza mwalimu mmoja aliyeshikwa na ugonjwa huo. Yeye mwenyewe akaambukizwa, akafa tarehe 31 Oktoba 1930, akiwa na umri wa miaka 39. Tarehe 23 Mei 2015, huko Nyeri, Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa Mwenyeheri. Hiyo ni daraja iliyo kabla ya kuitwa Mtakatifu. Muujiza uliokubaliwa na kanisa hilo ni ule wa Nipepe, Msumbiji, mwaka 1989: watu waliokimbilia kanisani wakati wa vita waliomba kwa jina lake, na maji machache ya kisima cha ubatizo yakawatosha.

Pili, je, tumwombe? Hapa yatupasa kuwa waangalifu tusiwasingizie ndugu zetu. Kanisa Katoliki halifundishi kwamba watakatifu waabudiwe. Linafundisha kwamba kuabudu ni kwa Mungu peke yake, na kwamba mtakatifu huombwa atuombee, kama vile mimi nimwombavyo mzee wa kanisa aniombee. Ndiyo maana wana wasimamizi wa nchi, wa kazi na wa parokia, na kila mbatizwa huweza kuwa na wake.

Hata hivyo sisi hatuwafuati katika jambo hili, na sababu zetu si chuki. Mzee wa kanisa nimwombaye aniombee yuko mbele yangu na ananisikia. Lakini Maandiko hayatupi amri ya kusema na waliolala, wala ahadi kwamba wanatusikia. Paulo anamwandikia Timotheo kwamba mpatanishi wetu na Mungu ni mmoja, ndiye Kristo Yesu (1 Timotheo 2:5). Na Waebrania 4 inatuita tukikaribie kiti cha neema kwa ujasiri, kwa sababu Kuhani Mkuu wetu anayajua maumivu yetu. Makala 39 za dini, zilizothibitishwa Uingereza mwaka 1571, zinakataa kuwaomba watakatifu katika makala ya 22. Hata wazee wa Kimaasai wa nchi hii, wanapoomba, humwita Enkai mwenyewe. Je, sisi tuliofunguliwa njia kwa damu ya Mwana tusimame mlangoni tukitafuta wa kutupeleka?

Basi nilimwambia mama yule: usiisome sala ile, lakini usimdharau aliyeileta. Amekuja kwako kwa upendo. Mpokee, mshukuru, mwambie kwa upole kwamba wewe humwomba Yesu. Kisha umwombe akae, mshikane mikono kando ya kitanda cha mtoto, mwombe pamoja kwa Baba kwa jina la Yesu. Sala hiyo ninyi wawili mnaijua. Wala msiache kumpeleka mtoto hospitali.

Lakini wapendwa, tusimalizie hapo kana kwamba tumeshinda mabishano. Waebrania 13:7 inatuagiza tuwakumbuke waliotuongoza, tuutazame mwisho wa mwenendo wao, tuifuate imani yao. Tumeshika sana lile la kutowaomba watakatifu, lakini la kuwafuata je? Sisi pia tuna wetu. Askofu James Hannington aliuawa Busoga mwezi wa Oktoba 1885. Tarehe 3 Juni 1886, huko Namugongo, Waanglikana na Wakatoliki walichomwa moto pamoja kwa ajili ya Kristo mmoja. Ni wangapi katika vijana wetu wanaoweza kutaja jina moja tu la mashahidi hao?

Tarehe aliyofariki Nyaatha ndiyo tarehe ambayo Martin Luther alitoa hoja zake mwaka 1517, mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote. Twaikumbuka siku hiyo kwa furaha, kwa kuwa tulirudishiwa habari njema ya neema. Ni vema. Lakini mtu aliyeokolewa kwa neema anatazamiwa aonekane karibu na wagonjwa. Nyaatha aliingia nyumba ya mwenye tauni. Sisi wengine hatujaingia nyumba ya jirani anayekohoa ng'ambo ya ua.

Kumwomba, hapana. Kumheshimu, ndiyo. Na heshima iliyo kweli ni kwenda leo kumwona mgonjwa ambaye hana wa kumwona.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, mpatanishi wetu wa pekee, twakushukuru kwa watumishi wako wote waliomaliza mwendo. Utujalie kukuita wewe bila hofu, na kuwatendea wagonjwa wetu kama walivyotenda wao. Amina.