Kaa wa Rungwe na Neno "Kichocheo"

Katika vitabu vingi vya afya, homoni huelezwa kwa neno kichocheo. Kuchochea, kwa asili, ni kusogeza kuni ili moto uzidi kuwaka. Yafaa tuulize kama maana hiyo yatosha. Na shahidi mwema ni kaa wa maji baridi, wa jenasi ya Potamonautes, akaaye chini ya mawe katika vijito vya Rungwe, vile viendavyo kuingia mto Kiwira na hatimaye ziwa Nyasa.

Gamba la kaa halikui. Mwenyewe azidipo kukua hana budi kulivua. Ngozi mpya, laini, hufanyika chini ya gamba la zamani. Sehemu ya chokaa iliyomo hurudishwa mwilini. Kisha kaa hunywa maji, huvimba, gamba hupasuka kwa nyuma, naye hutoka kinyumenyume. Siku hizo hujificha, kwa maana hana silaha mpaka gamba jipya ligande. Akilivua wakati usiofaa, huenda akafa.

Ni nini basi kiamuacho wakati? Mwaka 1905 Charles Zeleny, huko Marekani, aliona kwamba kaa waliokatwa vikonyo vya macho walijivua gamba mapema kuliko wenzao. Jambo hili lilikuwa la ajabu: kiungo kimeondolewa, na kazi badala ya kukoma imeharakishwa. Sababu yake ilifahamika baadaye. Ndani ya vikonyo hivyo hutoka homoni izuiayo kujivua. Katika mwili, upande wa mbele, mna tezi mbili ziitwazo tezi Y, alizozieleza Gabe mwaka 1953. Hizo hutoa ekdisoni, homoni iletayo kujivua. Maadamu homoni ya macho ni nyingi, tezi Y hutulia. Ipunguapo, tezi hufunguka, na kazi yote niliyoitaja huanza. Utaratibu huu umeonekana kwa kaa wa baharini, na kwa kaa wa maji baridi wa Bara Hindi pia.

Hapa twaona udhaifu wa neno letu. Ekdisoni yastahili kuitwa kichocheo. Lakini homoni ya macho haichochei kitu, bali yashika hatamu. Mwanafunzi wa Tukuyu aambiwaye kwamba kila homoni ni kichocheo atadhani kwamba kumkata kaa vikonyo kutamchelewesha, na kweli ni kinyume chake.

Kosa hili si la Kiswahili peke yake. Starling alipolitangaza neno homoni huko London, mwaka ule ule wa 1905, alilitoa katika kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kusukuma au kuamsha. Lakini kwetu asili hiyo haisikiki, na kwa hiyo neno halipotoshi. Heri basi homoni libaki kuwa jina la jumla, na chini yake tuwe na vichocheo na vizuizi, kila kimoja kwa kazi yake.