Barua Iliyogeuka Mgongo

Jioni moja binti wa ndugu yangu, mwanafunzi wa uchoraji, alinijia na karatasi nene mkononi, furaha imemjaa usoni. "Tazama, Ami. Barua ya babu." Juu ya rangi ya samli ilikuwa imetulia barua ya marehemu baba yangu, ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama kwamba imeandikwa papo hapo. Nilipoishika nilijua mna kasoro kabla sijajua ni kasoro gani. Alifu ilisimama vizuri, maana alifu haina mbele wala nyuma. Lakini lamu ilijikunja upande usio wake, na jimu ilinipa mgongo. Barua nzima imegeuka kama iliyo ndani ya kioo! Mwenyewe hakuliona hilo. Kwake yeye herufi zile ni mapambo.

Nikamwuliza kwanza lililonitia hofu: barua yenyewe iko wapi?

"Iko sandukuni, Ami. Hii ni fotokopi."

Alhamdulillahi. Maana kazi hii, msomaji, huila karatasi inayotolewa picha. Hutumiwa gundi ya akriliki, nyeupe kama tui, ambayo ni chembe za plastiki zinazoelea majini. Hupakwa juu ya karatasi nene, kisha nakala ikalazwa kifudifudi na kukandamizwa hadi mapovu yatoke. Huachwa usiku kucha. Maji yakikauka, chembe hushikana zikawa utando angavu, na wino wa fotokopi, ambao nao aghalabu ni unga wa plastiki, hunaswa humo. Asubuhi mgongo wa nakala hulowanishwa na kusuguliwa kwa kidole taratibu, karatasi ikabanduka vijinyuzi vijinyuzi, picha ikabaki. Ikikauka huonekana ukungu mweupe. Ni nyuzi zilizosalia. Hurejewa tena na tena, na mwenye pupa hutoboa. Nakala ya printa ya wino wa maji haifai, huvuja. Na picha ya kale ya studio usiithubutu kabisa: haihami, huharibika tu.

Basi kwa kuwa nakala hulazwa kifudifudi, kulia huwa kushoto. Sura ya mtu huvumilia hayo, maandishi hayavumilii. Dawa yake ni kuigeuza nakala mashinani kabla ya kuichapa.

Liko na jingine. Barua za wazee wetu huanza kwa jina la Mwenyezi Mungu. Nyuzi zile zilikwenda wapi? "Mferejini, Ami. Lakini wino ulibaki, kilichokwenda ni karatasi tupu." Ana haki, ila si yote: palikuwa na pembe mbili zilizobanduka pamoja na wino wake. Nikamwambia mstari wa juu aufunike kabla ya kutoa nakala. Hakubisha.

Wala sikumkataza kazi yenyewe. Njideka Akunyili Crosby, aliyezaliwa Enugu, Nigeria, mwaka 1983 na sasa anaishi Marekani, amejipatia jina kwa kazi iliyo jirani na hii. Yeye huhamisha kwa asetoni picha za jamaa zake na za majarida ya Nigeria, akazichanganya na rangi ya akriliki juu ya karatasi kubwa, hata ukuta wa chumba au nguo ya mtu ikajaa sura za kwao. Mwaka 1999 alihamia huko, na mwaka 2017 akatunukiwa tuzo ya MacArthur. Na sisi si wageni wa mambo haya. Nyingi katika sahani za Ulaya za karne ya 19 zilizopamba nyumba zetu za kale, michoro yake ilichapwa kwanza juu ya karatasi nyembamba, ikabandikwa kwenye udongo, karatasi ikaoshwa.

Wiki ya pili alirudi na karatasi nyingine. Ukungu umebaki pembeni, neno moja limetoboka, lakini jimu inatazama inakopaswa. Akaitandaza mezani, akaweka kidole kwenye mstari wa tatu.

"Hapa pameandikwa nini, Ami?"

Nikavaa miwani. Babu yake alikuwa akiuliza kama mnazi wa uani umeshazaa, na nani aliyeukwea.