KUHESABU AHADI: MASOMO YA AKITUERI NI NINI?



Siku moja mwalimu wetu wa hesabu alituuliza kila mmoja anataka kusoma nini kisha Diploma ya Serikali. Karibu wote tulijibu: udaktari, sheria, ualimu. Mwenzetu mmoja akasema: «Mimi nataka kuwa akitueri.» Kalasi nzima ikacheka, juu hakuna aliyejua neno lile. Mwalimu hakucheka. Alituagiza tutafute maana yake na kuiandika hapa. Basi haya njo tuliyoyapata.

Tuanze na jambo tunalolijua wote. Katika kartie yetu wazazi walifanya chama cha kusaidiana kwa matanga. Kila mtu, kijana ao mzee, alitoa feza sawasawa kila mwezi, na kila jamaa yenye kufiwa iliahidiwa kiasi kimoja. Miaka miwili mambo yalikwenda vizuri. Mwaka wa tatu wazee wengi waliingia, vijana wamoja wakatoka, na vifo vikafuatana. Mama wa mmoja wetu, alipofiwa na mume wake, alipewa nusu tu ya ile iliyoahidiwa. Watu walisema mtunza-sanduku ameiba. Wakafungua daftari, wakahesabu mara tatu: hakuna hata franka moja iliyopotea. Mwizi hakuwako. Ahadi yenyewe ilikuwa kubwa kupita sanduku, na hakuna mtu aliyeihesabu mbele ya kuitoa.

Akitueri ni mtu wa kuihesabu ahadi ya namna hiyo. Kampuni za asuransi (ndugu zetu wa Tanzania wanasema bima) na sanduku za pansheni zinaahidi leo feza ambazo zitalipwa kisha miaka 10, 20 ao 40. Akitueri anatafuta: watu wangapi watakufa, wangapi wataishi, na ni lazima kuweka kiasi gani leo ili ahadi isianguke.

Kazi hii ilitoka wapi?

Tulishangaa kuona kama wachungaji wako ndani ya habari hii tangu mwanzo. Katika muji wa Breslau, ambao leo unaitwa Wrocław katika inchi ya Polandi, mchungaji Caspar Neumann alikusanya hesabu ya watu waliozaliwa na waliokufa, pamoja na miaka yao. Hesabu hizo zilifika London, kwa Edmond Halley, mtu yule ambaye nyota yenye mkia inaitwa kwa jina lake. Katika mwaka 1693 Halley alitengeneza tablo: kwa watoto 1 000 wa mwaka mmoja, 598 wanafikia miaka 20, 531 miaka 30, 445 miaka 40, 346 miaka 50, na 242 miaka 60.

Kisha miaka 50 hivi, kule Scotland, wachungaji wawili, Robert Wallace na Alexander Webster, waliona shida ya wajane wa wenzao. Mchungaji akikufa, mke na watoto wanabaki bila mshahara na bila nyumba. Webster aliandikia makanisa kuuliza: wachungaji wangapi wanakufa kwa mwaka? Wangapi wanaacha wajane, wangapi wanaacha yatima? Wakaona kama kwa wachungaji 930 hivi, karibu 27 wanakufa kila mwaka, na 18 kati yao wanaacha wajane. Wakatumia pia tablo ya Halley, na Colin Maclaurin, profesa wa hesabu wa Edinburgh, akapima kazi yao. Sheria ya sanduku hilo ilitoka mwaka 1744. Mchungaji alichagua kiasi cha kutoa kila mwaka, na mjane wake alipata toka paundi 10 mpaka 25 kwa mwaka, kadiri mume alivyotoa.

Hesabu yao ilisema kama katika mwaka 1765 sanduku litakuwa na paundi 58 348. Mwaka huo ulipofika, walikuta 58 347. Tofauti ni paundi moja! Hawakujua mchungaji gani atakufa. Hakuna mtu anayejua hilo. Lakini walijua wangapi, na hiyo ilitosha kwa mjane kupata feza yake kamili.

Tujaribu sisi wenyewe

Tuchukue ile tablo ya Halley. Watu 445 wa miaka 40 wanafanya chama kwa miaka 10. Kisha miaka hiyo watabaki 346. Basi 99 watakufa. Tukiahidi kila jamaa 1 000, tunahitaji 99 000. Tugawanye kwa 445: kila mtu atoe 222 na nusu hivi. Kama chama kinaomba 150 tu, kitaanguka, hata mtunza-sanduku akiwa malaika.

Tena, feza ya leo na feza ya kesho haziko sawa. Banki ikitoa 5 kwa mia kila mwaka, ahadi ya 1 000 ya kulipwa kisha miaka 10 inaomba kuweka 614 tu leo. Mwenye kujua logaritimi apime, ataona.

Lakini hapa kwetu iko jambo jingine. Katika mwezi wa kumi 1993, zaire mupya moja ilichukua nafasi ya zaire za zamani 3 000 000. Mtu aliyeahidiwa zaire 1 000 000 alibaki na sehemu moja ya tatu ya zaire mupya. Hesabu ya vifo ilikuwa kweli, lakini feza yenyewe ilikufa. Kwa sababu hiyo akitueri hasomi hesabu ya watu tu. Anasoma pia mambo ya banki na ya uchumi.

Njia ya masomo

Huwezi kuanza na akitueri mara moja kisha kalasi ya sita katika njia hii tunayoieleza. Kwanza unafanya licence, miaka mitatu, katika matematike, statistike, fizike, uchumi ao uinjinia. Kisha unaomba kuingia katika masta. Ubelgiji, UCLouvain na ULB ya Bruxelles zina masta ya akitueri ya kredi 120, maana yake miaka miwili. Ufaransa kuna shule ya ISFA kule Lyon, iliyoanzishwa mwaka 1930. Kwa Kingereza, Heriot-Watt ya Edinburgh, muji ule ule wa Maclaurin, inajulikana sana. Na karibu zaidi yetu, Universite ya Nairobi inafundisha masomo haya.

Ndani ya masta wanasoma nini? Probabilite, ndiyo hesabu ya mambo yanayoweza kutokea, asuransi ya maisha, asuransi ya motokari, nyumba na moto, pansheni, sheria za asuransi, na kuandika programu katika ordinatere. Mwishoni unaandika memwari. Tusidanganyane: hesabu ni nyingi, na wanaopenda kukariri bila kufahamu watachoka mbio. Na kisha diploma, inchi nyingi zinaomba kupokelewa na chama cha maakitueri. Kule Uingereza mitihani ya chama inaweza kuchukua miaka mingi, lakini mwenye masta anaweza kusamehewa sehemu yake.

Je, kazi itakuwako? Kwa miaka mingi asuransi katika inchi yetu ilikuwa ya SONAS peke yake. Sheria ya mwaka 2015 ilifungua mlango, na toka 2019 kampuni zingine zimepewa ruhusa, chini ya uangalizi wa ARCA. Kampuni hizo zinaahidi, basi ni lazima mtu ahesabu. Hatusemi kila mmoja wetu atapata nafasi. Burse ni chache na masomo ya ngambo ni bei kali.

Shauri letu kwa wadogo wetu wa kalasi ya tatu na ya ine: msiseme «hesabu ni ya wavulana», ao «hesabu haina faida inje ya kalasi». Yule mama tuliyemtaja mwanzoni angepata feza yake yote kama katika kartie kungekuwa mtu mmoja mwenye kujua kugawanya na kuuliza miaka ya wanachama. Kazi hiyo ndogo hata sisi tunaweza kuifanya leo, bila masta. Wamoja kati yetu wamekwisha kuanza: wanaandika miaka ya wanachama wote wa kile chama, kwani wazazi wanataka kukifungua tena.

Zoezi kwa wote: watu 531 wa miaka 30 wanafanya chama kwa miaka 10, na kila jamaa yenye kufiwa itapewa 1 000. Kwa tablo ya Halley, bila faida ya banki, kila mtu atoe ngapi? Kwa sababu gani kijana anatoa kidogo kupita mzee? Pelekeni majibu kwa mwalimu wa hesabu mbele ya siku ya posho.

Ni sisi, wanafunzi wa kalasi ya sita, matematike-fizike.